Boti Moja, Namba Tatu

Katika vitongoji vya Houston au Tampa, huhitaji kutembea sana kabla hujaiona: boti ya fibaglasi imeegeshwa uani, imefunikwa turubai lililopauka kwa jua, na magurudumu ya trela lake yamezama kwenye majani. Mwenyewe alihama, au alifariki, au alichoka nayo. Siku moja tangazo linatokea. Boti, injini na trela, vyote kwa pamoja, kwa bei ya simu nzuri ya mkononi. Chini kabisa ya tangazo kuna maneno mawili yanayoeleza kwa nini bei imeporomoka hivyo: haina karatasi.

Karatasi inayozungumzwa hapo ni hati ya umiliki, ndugu wa kadi ya gari ya Tanzania au logibuku ya Kenya. Si sawa na cheti cha usajili. Hati hutaja mali ni ya nani na kama benki bado inaidai. Usajili humpa mwenye mali ruhusa ya kuiingiza majini kwa muda fulani, na muda ukiisha hulipiwa upya. Mahali panapodaiwa vyote viwili, hupati cha pili bila cha kwanza. Boti yenye injini isiyosajiliwa ikikutwa ziwani na askari wa doria, mwenyewe anaweza kurudi nchi kavu bila samaki lakini na karatasi ya faini.

Boti za burudani zilizosajiliwa Marekani zinakaribia milioni 12, na Florida peke yake ina takriban milioni 1. Tangu sheria ya shirikisho ya 1958, kazi ya kuzipa namba imeachiwa majimbo, na kila jimbo limejipangia utaratibu wake. Huko Texas mambo hayo yako chini ya Idara ya Hifadhi na Wanyamapori. Mkazi wa Florida huenda kwa mkusanya kodi wa kaunti yake, wa Michigan huenda ofisi ya Katibu wa Jimbo, na wa New York huenda idara ileile inayotoa leseni za udereva. Mwafrika Mashariki aliyehamia Dallas au Minneapolis, ambaye ametamani kuvua samaki siku za Jumamosi, akimuuliza jirani aliyetoka jimbo jingine anaweza kupewa jibu ambalo ni sahihi kabisa, ila si la mahali anapoishi.

Kitu cha kwanza kinachowashangaza wengi ni kwamba anayenunua boti kwenye trela hanunui mali moja. Amenunua mbili, na Texas amenunua tatu, kwa kuwa jimbo hilo huipa hati hata injini ya kupachika, ile inayoning'inia nyuma ya boti na inayoweza kufunguliwa na kubebwa. Hati ya boti na hati ya injini hutoka idara ya wanyamapori. Trela huhesabiwa kuwa chombo cha barabarani, kwa hiyo hushughulikiwa na ofisi ya kodi ya kaunti, pamoja na magari na pikipiki. Muuzaji anaweza kuwa na karatasi safi ya boti huku trela halina lolote. Kinyume chake pia hutokea.

Kila kimoja kina namba yake, na hapo ndipo uchunguzi huanzia. Boti zilizotengenezwa kwa soko la Marekani tangu Novemba 1972 hubeba namba ya bodi yenye herufi na tarakimu 12. Huwekwa upande wa nyuma, kwenye tezi, mkono wa kulia kwa mtu anayetazama omo, yaani mbele, ndani ya inchi 2 kutoka ukingo wa juu. Namba hiyo husomeka kama cheti cha kuzaliwa. Tuseme imeandikwa ABC12345G495. Herufi 3 za mwanzo ni za kiwanda, na hutolewa na Walinzi wa Pwani. Tano zinazofuata ni za boti yenyewe. G ni mwezi wa saba, kwa kuwa A ni Januari na L ni Desemba, na 4 iliyo baada yake ni tarakimu ya mwisho ya mwaka wa kutengenezwa, hapa 1994. Hizo 95 za mwisho ni mwaka wa modeli. Muuzaji anayeapa kuwa boti hiyo ni ya 2005 ameshakanushwa na boti yenyewe.

Tangu 1984 viwanda vimetakiwa kuiandika namba hiyo mara ya pili, mahali pa siri ndani ya boti au chini ya kifaa kilichofungwa. Mwizi akikwangua ya nje, ya ndani hubaki. Ndiyo maana mnunuzi mwenye macho hupitisha kidole pale nyuma kabla hajauliza habari za injini. Rangi mpya kwenye kiraka kimoja tu, alama za msasa, au kibao kilichofungwa kwa skrubu zinazong'aa kwenye boti iliyochakaa, vyote vinatosha kumfanya mtu aage na kuondoka. Katika majimbo mengi kumiliki boti iliyofutwa namba ni kosa la jinai, na chombo kinaweza kutwaliwa hata kama aliyekinunua hakujua.

Namba hiyo isichanganywe na ile kubwa inayobandikwa pande zote mbili za omo, mfano TX 1234 AB. Hiyo ni ya usajili, herufi zake hazipungui urefu wa inchi 3, na husaidia kwa jambo moja kubwa: herufi 2 za mwanzo zinakuambia boti ilisajiliwa jimbo gani mara ya mwisho. Trela nalo, likiwa limetengenezwa kiwandani tangu modeli za 1981, huwa na namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17, kama gari. Kwa kawaida hukaa kwenye kibao upande wa mbele wa fremu, na adui yake mkubwa ni chumvi. Trela lililoshushwa baharini miaka 20 mara nyingi kibao chake kimeliwa na kutu hadi hakisomeki.

Baada ya namba kusomwa, ndipo inapowezekana kujua maneno "haina karatasi" yana maana gani, kwa sababu yana maana tatu zinazotofautiana sana.

Ya kwanza ni kwamba karatasi haijawahi kuwepo. Georgia husajili boti lakini haizipi hati za umiliki. New York hutoa hati kwa boti za modeli ya 1987 na kuendelea zenye urefu wa futi 14 au zaidi, na ya zamani kuliko hapo haina. Minnesota hudai hati kwa boti zinazozidi futi 16 na za modeli ya 1980 au mpya zaidi. Michigan nayo huangalia kama boti imefika futi 20 au ina injini iliyojengewa ndani. Boti iliyotoka Georgia ikiuzwa bila hati, muuzaji hajaficha kitu. Mara nyingi cheti chake cha mwisho cha usajili na hati ya mauzo iliyosainiwa ndivyo vitakavyofanya kazi ya hati.

Trela lina nafuu ya aina hiyohiyo. Florida haidai hati kwa trela lililo chini ya ratili 2,000, yaani takriban kilo 900, na Texas haidai kwa lenye uzito usiozidi ratili 4,000 pamoja na mzigo. Usajili bado unatakiwa, na ofisi itataka kuona uthibitisho wa mauzo. Lililochomelewa nyumbani, au lililopoteza kibao, hukaguliwa na afisa na kupewa namba mpya na jimbo. Namba hiyo hugongwa kwenye fremu, na tangu siku hiyo chuma kile kina jina.

Maana ya pili ni kwamba karatasi ilikuwepo ikapotea. Ilikaa kwenye droo, ikahama na mume baada ya talaka, ikalowa wakati wa kimbunga. Hapa dawa ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, ilimradi mwenye jina apatikane. Yeye ndiye huomba nakala ya hati ofisini kwa ada ndogo, kisha huisaini kwa mnunuzi. Kazi inakuwa ngumu pale boti ilipopita mikono mitatu bila yeyote kubadilisha jina, jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki analifahamu vizuri kutokana na magari yanayotembea miaka mingi kwa jina la mwenye mali wa kwanza. Mnunuzi wa nne hulazimika kurudi nyuma hatua kwa hatua, akikusanya saini. Kama mwenye jina amefariki, saini inayohitajika ni ya warithi au msimamizi wa mirathi.

Wengine hufika dirishani wakitaka tu waambiwe jina la mwenye hati ya trela, wakanyimwa na kukasirika. Sababu ipo. Mwaka 1989 mwigizaji Rebecca Schaeffer aliuawa mlangoni kwake Los Angeles na mtu aliyeipata anwani yake kupitia kumbukumbu za idara ya magari. Sheria ya shirikisho ya 1994 ikazizuia ofisi hizo kutoa ovyo majina na anwani. Kinachobaki ni kufuata utaratibu rasmi wa jimbo, ambao mara nyingi hutaka mwenye jina aandikiwe barua ya rejista kwenye anwani yake ya mwisho na apewe muda wa kujibu. Bahasha iliyorudi bila kufunguliwa haitupwi, kwa kuwa ni ushahidi kwamba mnunuzi alimtafuta.

Mwenye jina asipopatikana kabisa, majimbo kadhaa yana njia ya hati yenye dhamana. Mwombaji hununua dhamana kutoka kampuni ya bima ili kumkinga mwenye mali halali akijitokeza baadaye. Kwa magari na matrela makubwa, Texas hutaka dhamana ya mara moja na nusu ya thamani, na hudumu miaka 3. Trela likithaminiwa dola 4,000, dhamana ni ya dola 6,000, ingawa mnunuzi hulipa sehemu ndogo tu ya kiasi hicho kama ada. Wengi hudhani dhamana hiyo inawalinda wao. Mwenye mali akitokea na kampuni ikamlipa, kampuni itageuka na kumdai mnunuzi. Isipowezekana hata njia hiyo, hubaki mahakama, na kwa boti ya dola 800 gharama za wakili peke yake zinatosha kununua nyingine yenye karatasi.

Maana ya tatu ni kwamba karatasi ipo, lakini muuzaji hataki ionekane. Inaweza kuwa na jina la benki ambayo haijamaliza kulipwa, na benki hiyo ina haki ya kuifuata boti hata ikiwa mikononi mwa mtu wa tatu. Au ina jina la mtu aliyeibiwa. Sheria ya Marekani haina huruma hapa: mwizi hawezi kumpa mtu umiliki ambao yeye mwenyewe hana, kwa hiyo mali hurudi kwa mwenyewe na fedha za mnunuzi hupotea. Polisi wanaweza kuitafuta namba ya bodi kwenye kanzidata ya FBI iliyoanza 1967, yenye faili maalumu la boti. Raia hana ruhusa ya kuifungua, ila anaweza kwenda kituoni na kuomba namba ikaguliwe kabla hajalipa.

Njia za mkato zimekuwepo na zinazidi kubanwa. Kwa miaka mingi Vermont ilijulikana kwa kusajili kwa posta vyombo vya barabarani vilivyozidi miaka 15, kwa hati ya mauzo tu, hata kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga jimbo hilo. Mwaka 2023 Vermont iliwabana wasio wakazi wake. Watu bado hujitangaza kuwa watakutafutia hati ya jimbo la mbali kwa malipo, lakini boti italala unapoishi wewe, na ofisi ya huko ndiyo itakayoikubali au kuikataa.

Mara nyingine muuzaji haogopi polisi, anaogopa jalala. Fibaglasi haiozi, haichomwi ovyo, na kuivunja na kuitupa kunagharimu fedha. Ndiyo maana boti nyingine hutolewa bure kwa tabasamu pana. Florida ina mpango wa kuwapokelea wenye boti zilizochakaa ili zisije zikazamishwa au kutelekezwa kwenye mikoko, lakini anayeisalimisha boti hutakiwa kuonyesha kuwa ni yake. Aliyepewa bure bila karatasi anaweza kujikuta hawezi kuipeleka majini na hawezi kuitupa.

Bei ya kwenye tangazo nayo si bei ya mwisho. Texas hutoza kodi ya asilimia 6.25 kwa boti na injini, kwa hiyo ununuzi wa dola 2,000 huongeza dola 125, kisha ada za hati mbili, usajili wa boti, usajili wa trela, na faini kama muda umepita. Anayekubali kununua bila kujumlisha hayo amenunua mbuzi kwenye gunia.

Kwa hiyo msomaji aliyeipenda boti ya namna hii afanye mambo machache siku ya kwanza, fedha zikiwa bado mfukoni. Apige picha namba ya bodi, namba ya injini na namba ya chesisi ya trela. Aombe kuona kitambulisho cha muuzaji, na waandikishane hati ya mauzo yenye namba zote tatu, bei, tarehe na saini. Kabla ya kusaini, apige simu ofisi ya jimbo analoishi, azisome namba hizo moja moja na kuuliza kila kimoja kitahitaji nini. Muuzaji asiyeweza kusubiri simu hiyo aachwe na boti yake.