Waya wa umeme na muziki: Mtaji uwekwe wapi?

MFANYABIASHARA wa vyombo vya muziki katika nyanda za juu za Kigoma anayefikiria kuleta waya maalumu wa umeme, ule unaosifiwa kwamba hunogesha sauti, hana budi kupiga hesabu kabla ya kufunga mtaji wake katika bidhaa hiyo.

Ulaya na Marekani soko lake lipo kwa miaka mingi. Kampuni kama AudioQuest na Nordost huuza waya wa kuchomeka amplifaya ukutani, na baadhi hupita dola 1,000 kwa waya mmoja. Swali kwa mwenye duka Kasulu au Kibondo, ambaye mteja wake anatoka Nyakitonto, ni moja tu: je, mteja atasikia tofauti?

Umeme wa gridi

Miji hiyo miwili ilitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO hadi gridi ya taifa ilipofika mwaka 2022. Kwa nyumba yenye umeme huo wa volti 230, jibu ni hapana, ilimradi waya wa kawaida ni mzima na plagi imekaza.

Amplifaya inayokula wati 100 huvuta chini ya nusu ampea. Katika waya wa shaba wa mita mbili, wa milimita za mraba 0.75, volti inayopotea haifiki hata sehemu moja ya kumi. Isitoshe, ndani ya amplifaya umeme hupita kwenye transfoma, dayodi na kapasita kabla ya kuwa muziki. Umeme uliosafiri mamia ya kilomita kwenye nguzo haubadiliki tabia kwa mita mbili za mwisho.

Kinachomsumbua mteja wa gridi ni volti kupanda na kushuka. Dawa yake ni stabilaiza, si waya wa bei mbaya.

Umeme wa betri

Kwenye betri mambo hugeuka. Takwimu za serikali za mwaka 2016 zilionyesha kuwa karibu asilimia 65 ya kaya za vijijini zenye umeme zilitumia wa jua. Amplifaya ile ile ya wati 100, ikiendeshwa kwa betri ya volti 12, huvuta zaidi ya ampea 8.

Betri ikiwa mita tano kutoka kwenye redio, waya wa 0.75 hupoteza karibu volti 2. Amplifaya hubaki na volti 10 hivi: besi hulegea, sauti hukwaruza kila inapoongezwa, na waya hupata joto. Mwenye redio hulaumu spika au betri. Akifunga waya wa milimita za mraba 4, upotevu hushuka hadi chini ya nusu volti. Hapo tofauti husikika bila kubishana.

Tahadhari ya ununuzi

Hatari kwa mwenye duka ni waya wa alumini uliopakwa shaba. Kwa macho ni shaba, lakini upitishaji wake ni kama theluthi mbili tu ya shaba halisi. Ukwangue kwa kisu: ukionekana mweupe ndani, si shaba tupu. Robota lake pia ni jepesi kuliko inavyopasa. Alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) iangaliwe, na unene uliochapishwa ulinganishwe na waya wenyewe.

Kwa mwenye mtaji mdogo, basi, robota la waya wa shaba wa milimita 4 unaouzwa kwa mita, pamoja na vibanio vya betri na fyuzi, litatoka dukani kwa haraka kuliko waya mmoja wa kifahari. Mnunuzi wa waya huo ataisikia faida yake jioni ile ile, naye ndiye atakayemleta jirani.