Mtunzi Naye Atunzwe

Katika ukumbi wa taarab, msikilizaji aliyeguswa na nyimbo huinuka, akaenda mbele na kumtunza mwimbaji kwa noti. Ada hiyo ni njema, nasi tunaipenda. Lakini leo tunapenda kuzungumzia tunzo nyingine isiyoonekana jukwaani, nayo ni ile anayojipa msanii mwenyewe kwa kuuangalia mwili wake.

Imezuka fikra miongoni mwetu kwamba mtu wa sanaa sharti awe wa kukesha, wa kusahau kula, wa kuishi kwa kahawa na sigara. Akidhoofika, husifiwa kuwa amezama katika kazi yake. Sisi tunaona fikra hiyo ni potofu. Kipaji hakielei hewani. Kimo ndani ya mwili, na mwili una haki yake juu ya mwenyewe.

Watakuwapo watakaotujibu kwa kumtaja Bi Kidude, aliyevuta sigara na bado akaimba hadi uzeeni, mpaka alipofariki mwezi wa Aprili, 2013. Ni kweli. Lakini nahodha mmoja aliyevuka salama katika dhoruba hawi hoja ya kuwaambia mabaharia wote wasiangalie hali ya hewa.

Tuwatazame pia wengine waliotutangulia. Mohamed Said Abdulla, aliyetuachia Bwana Msa, alikuwa mkaguzi wa afya, kisha mhariri wa magazeti. Riwaya yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilitoka mwaka 1960, naye angali kazini. Shaaban Robert naye alikuwa mtumishi wa serikali kwa miaka mingi. Kazi kama hizo, zikifanywa na mtu mwenye ofisi ya kwenda kila asubuhi, hazipatikani kwa mkesha wa usiku mmoja. Hutaka nguvu zilizowekwa akiba siku baada ya siku.

Akiba hiyo haihitaji fedha. Kwanza ni usingizi wa kutosha, kwani akili iliyochoka hurudia maneno yale yale. Pili ni saa moja maalumu, kwa mfano baada ya sala ya Alfajiri, kabla ya ofisi na kabla ya simu kuanza kuita. Tatu ni kutembea. Beti iliyokataa kutimia mkekani mara nyingi huja yenyewe mtu anapopita pwani jioni, na mwenye daftari dogo mfukoni hataipoteza.

Kila fani nayo ina mahitaji yake. Mwimbaji anywe maji, na sauti ikikauka, ainyamazishe badala ya kuilazimisha. Mshona kofia asing'ang'anie sindano katika mwanga hafifu; kila baada ya muda ainue macho atazame mbali. Msukaji wa ukili, anayekaa chini kwa saa nyingi, asimame anyooshe mgongo. Mchonga milango azibe pua na mdomo, maana vumbi la mbao halimsamehe mtu pafu lake.

Hata hivyo, haitakuwa haki kumwachia msanii mzigo wote. Tumeshuhudia vikundi vya ngoma na vijana wa kwaya wakiitwa uwanjani tangu asubuhi, wakaketi juani bila ya maji wakimngoja mgeni rasmi, na zamu yao ifikapo hawana tena pumzi. Tumesikia pia malenga akiagizwa leo utenzi wa sherehe ya kesho. Afisa anayefanya hivyo hudhani anaienzi sanaa, kumbe anaichosha.

Kwa hiyo tunawaomba wanaohusika na maandalizi ya sherehe wawape wasanii saa ya kweli ya kufika, kivuli, maji na usafiri wa kurudi majumbani, na malipo yao yafike kwa wakati. Hayo si makubwa, na hayahitaji kamati.

Visiwa vyetu vinajulikana mbali kwa sauti na mikono ya watu wake. Sauti ikikatika kabla ya wakati, noti zote za ukumbini hazitairudisha. Basi mtunzi ajitunze, na sisi tunaofaidi utunzi wake tumtunze angali hai.