Kuchagua Mbinu ya Kaizeni Kiwandani

Kaizeni ni utaratibu wa Kijapani wa kuboresha uzalishaji hatua kwa hatua. Mbinu huchaguliwa kulingana na tatizo. Chukulia kiwanda cha vyandarua jijini Arusha, ambako vyandarua vyenye dawa ya kudumu vimetengenezwa tangu 2003.

(a) Mafundi wakipoteza muda kutafuta vifaa: tumia S Tano, yaani sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia.

(b) Vyandarua vikitoka vimechanika: uliza “kwa nini?” mara tano hadi upate chanzo.

(c) Mashine ikiharibika mara kwa mara: panga matengenezo ya kinga.

Zingatia: kusafisha sakafu hakurekebishi sindano iliyovunjika, na chandarua kilichochanika hupitisha mbu wa malaria. Katika jibu lako, taja tatizo, mbinu, kisha sababu ya kuichagua.