Daftari la yuniti za majani

Ni daftari la shule la kurasa mia moja, jalada limevimba kwa jasho. Ndani hamna majina ya wateja. Kuna "geti la bluu", "michikichi miwili", "mama wa maandazi", "nyuma ya msikiti". Kila nyumba ina namba mbili, chini ya maneno "kabla" na "baada", kisha tofauti yake: 0.7. 0.6. 0.7. Mahali pamoja ni 1.3, imezungushiwa duara kwa kalamu nyekundu.

"Hiyo ni pasi," mwenye daftari ananiambia. "Mimi niko nje nakata majani, ndani binti ananyoosha sare za wadogo zake. Baba mwenye nyumba akasema zote nimekula mimi. Akakata kwenye hela yangu."

Mwenye daftari ni mkata majani wa Ujiji, Kigoma. Hakutaka jina lake liandikwe, kwa kuwa nusu ya visa alivyonisimulia vinawahusu watu ambao bado wanamwita kazini. Nilimfuata na swali jepesi: mtu mwenye ua mdogo achague mashine ya umeme au ya petroli? Alinijibu kwa kunifungulia daftari, na tangu hapo namba zile hazijanitoka kichwani.

Mashine anazo mbili. Ya petroli ni ile ya kuvaa begani, yenye bomba refu na uzi wa nailoni unaozunguka mwishoni. Ya umeme ina magurudumu manne na nguvu ya wati 1,400. Aliinunua mtumba Dar es Salaam. Akitoka nayo hubeba na waya wa mita thelathini, kauviringisha begani kama mvuvi na kamba zake.

Kigoma ilikaa miaka mingi na majenereta ya dizeli, na habari za mgawo hakuna wa kusimuliwa. Umeme wa gridi ya Taifa ulipoanza kuingia mkoani mwaka 2022, kwa kuanzia na wilaya za Kasulu na Kibondo, yeye aliona neema inakuja. Mashine isiyotoa moshi, isiyopiga kelele mpaka jirani atoke na kanga kichwani. Aliwaza kila kitu isipokuwa LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla.

"Mteja akisikia petroli anauliza bei, basi. Akisikia umeme anauliza, 'Fundi, itakula yuniti ngapi?' Unamwambia hata moja haifiki. Haamini. Anasimama mlangoni anakuangalia kama unamchotea unga."

Ndiyo asili ya daftari. Kabla hajachomeka waya, humwita mwenye nyumba asome salio la yuniti kwa macho yake. Mkata majani anaandika. Kisha anaomba pasi izimwe, jiko la umeme lizimwe, friji ichomolewe kwa nusu saa. Hapo kwenye friji ndipo vita huanza. "Mama mmoja aliniuliza, mwanangu, migebuka yangu iharibike kwa ajili ya majani? Nikamwambia, mama, nusu saa haiharibu samaki. Akasema, wewe ni fundi wa majani au wa samaki?" Siku hizi friji haigusi. Anaandika pembeni herufi F, na hasara kidogo anaimeza.

Kazi ikiisha, mwenye nyumba anaitwa tena. Anasoma, mkata majani anaandika, wanatoa pamoja. Nimeona watoto wa shule wakiitwa kuhakiki hesabu. Nimeona mzee wa heshima akivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akarudia kusoma.

Hesabu yenyewe haina fumbo. Wati 1,400 kwa nusu saa ni yuniti 0.7. Mteja wa kundi la D1, la matumizi madogo, hulipa shilingi 100 kwa yuniti hadi yuniti 75 kwa mwezi, kabla ya kodi na tozo. Wa T1, la matumizi ya kawaida, hulipa 292. Hata ukijumlisha kodi na tozo, ua mmoja haumfikishi wa D1 kwenye shilingi 100, na wa T1 anaishia kama 250. Ua huohuo kwa mashine ya petroli hunywa karibu nusu lita. Ukiihesabu lita kwa shilingi 3,000, hiyo ni 1,500, oili bado. Na kila anayesoma bei kikomo za mafuta za EWURA, mamlaka ya nishati, anajua Kigoma si Dar es Salaam. Mafuta husafiri zaidi ya kilomita elfu moja kutoka bandarini.

Lakini petroli ya mkata majani imo ndani ya bei. Mteja haioni ikipungua. Shilingi 250 zinazoshuka kwenye kioo cha LUKU zinamuuma kuliko 1,500 zilizofichwa ndani ya shilingi anazompa fundi mkononi.

Petroli nayo ina mambo yake. Injini ya begani haina sehemu ya kuwekea oili peke yake, hivyo oili huchanganywa na mafuta, kwa kawaida sehemu moja kwa ishirini na tano hadi hamsini, kutegemea injini. Yeye hupimia kwa kizibo na chupa ya maji. Pale Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, boti nyingi zina injini zinazotumia mchanganyiko wa namna hiyo, kwa hiyo oili ya boti haikosekani. "Ya boti si ya huku," anaonya. "Injini ya boti inapozwa na maji ya ziwa. Hii inapozwa na upepo, inachemka. Ukiizoesha oili ya boti, siku moja pistoni inaganda." Uzi wa nailoni nao hurusha kokoto. Amelipa vioo, amelipa taa ya gari.

Mbona basi hauzi ya petroli? Kwa sababu ya mvua. Huku mvua huanza Oktoba au Novemba na kukatika Mei, na ndiyo miezi ambayo majani hukua mpaka mtu anaogopa nyoka. Ni miezi hiyohiyo majani yanapokuwa majimaji, na umeme kwenye majimaji haufai. Kiangazi kikiingia, waya uko salama lakini ukoka umekauka, hakuna wa kumwita.

Nilimbana anipe jibu. Ua tambarare, mkavu, usio na mawe: umeme, mashine ikiwa yako mwenyewe. Kunjua waya wote, maana uliobaki umeviringwa huchemka. Anza karibu na soketi uende ukiiacha mgongoni, usije ukaukata. Na funga swichi inayokata umeme unapovuja. Ua wa mteremko, kama zilivyo nyingi Kigoma mjini: petroli. Ua wa hatua kumi: kwanja, na alfajiri. Nikamuuliza kuhusu wale wanaong'oa majani yote na kufagia udongo mtupu, desturi ya nyumba nyingi za Ujiji. Akanionyesha korongo lililochimbwa na maji nyuma ya nyumba moja, likishuka kuelekea ziwani.

Nikamweleza kwamba jimbo la California, Marekani, lilipitisha sheria mwaka 2021 ya kuzuia uuzaji wa mashine mpya za petroli za namna hii kuanzia 2024, kwa sababu ya moshi wake. Alisikiliza vizuri. "Zile za zamani watazipeleka wapi?" Sikuwa na jibu.

Ya petroli ikimkaa begani mchana kutwa, vidole humfa ganzi na usiku hukohoa. Hayo hayamo daftarini. Siku akija na ya umeme, wateja wanataka apunguze bei, kwa kuwa yuniti ni zao.

"Nipunguze kwa sababu leo kifua changu kimepumzika?" ananiuliza. "Na siku ya petroli, mbona hakuna anayeniongezea?"