Vijana wanataka kufungua ASBL: wazee wa koperative tuwajibu nini?

Ulizo moja linanirudilia kila mara ninaposhuka bonde la Ruzizi, toka Kiliba mpaka Sange na Luvungi. Vijana wananiuliza namna ya kufungua ASBL. Wazee nao, wakishanivuta pembeni, wananiuliza kama ASBL hiyo ni kazi ya kweli ao ni mtego wa kukamata pesa za wafadhili. Pande zote mbili zina haki ya kuuliza.

Tuanze na sababu yao. Kijana wa miaka 20 katika bonde letu hana shamba lake. Shamba ni la baba, ao la shefu, ao la mtu anayekaa Bukavu na kulikodisha kila msimu kwa pesa taslimu. Kiwanda cha sukari cha Kiliba, ambacho zamani kililisha familia nyingi huku, kilifungwa wakati wa vita ya 1996, na hata baada ya kufufuliwa hakikuweza kumeza vijana wote wanaozaliwa hapa. Anayebaki bila kazi anasukuma mzigo Kavimvira mpakani, anakaa Kalundu akingojea mitumbwi ya ndagala, ao anasikiliza wale wanaomwita porini. Hiyo ya mwisho hatuiandiki kwa kupamba maneno. Kila koperative inayonisoma inajua nyumba ambamo mtoto alienda na hakurudi.

Kwa hiyo wakija na wazo la kujipanga, tusiwacheke. Walishaonyesha kwamba wanaweza: mto Mulongwe ulipofurika mwezi wa nne 2020 na kubeba nyumba na watu mjini Uvira, waliochimba matope na kubeba majeruhi wengi walikuwa vijana, bila mtu kuwalipa.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalielewi kabla ya kwenda kwa notere. Kwetu Kongo, ASBL inaongozwa na sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Sheria hiyo inasema wazi: ASBL haifanyi biashara wala kazi ya kiwanda, isipokuwa kama jambo la pembeni, na haitafutii wanachama wake faida ya mali. Tuiseme kwa lugha ya shamba. Vijana wa ASBL wanaweza kulima nyanya na kuziuza sokoni. Pesa ile inaingia katika kazi ya shirika: kufundisha wengine, kununua pampu, kulipa karo ya yatima. Haigawanywi mwisho wa msimu. Hata shirika likivunjika, mali yake inaenda kule statuti zilikosema, kwa shirika lenye shabaha kama hiyo, si katika mifuko ya waliolianzisha.

Hapo ndipo ugomvi unazaliwa. Vijana kumi wanaungana, wanaandika ASBL, wanalima, wanauza, halafu kila mmoja anangojea sehemu yake. Prezida anasema pesa ni ya shirika. Wengine wanasema ameikula. Kwa sheria prezida ana haki, lakini nani aliwaeleza siku ya kwanza? Wameachana kwa sababu walichagua karatasi isiyolingana na tumbo lao.

Kama wanachotaka ni kulima, kuuza na kugawana, njia yao ni koperative, sawa na sisi. Nchi yetu iliingia OHADA mwaka 2012, na sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa Lomé mwezi wa 12 wa 2010, inakubali koperative ndogo, ile inayoitwa sahili, kuanzia watu watano. Ile kubwa yenye baraza la uongozi inataka watu 15. Mwanachama mmoja ana kura moja, na faida inaweza kurudi kwake kufuatana na mazao aliyoyapitisha katika koperative. Sioni aibu yoyote katika kutaka kula jasho lako. Nawapendelea hata vijana wanaolisema wazi, kuliko wale wanaoandika “maendeleo kamilifu ya jamii” katika ukurasa wa kwanza na kununua pikipiki katika wa pili.

Na kama shabaha yao ni kuhudumia vijana wengine, kufundisha ufundi, kupokea waliotoka porini, kusaidia mama wadogo waliokatisha masomo, basi ASBL ndiyo. Wanaandika statuti, wanakaa mkutano wa kuanzisha, wanafanya orodha ya wanachama, wanapitisha statuti kwa notere, halafu ombi linaenda kwa Waziri wa Sheria, na maoni mazuri ya Waziri anayehusika na kazi yao. Kinshasa ni mbali, tunajua. Ndiyo maana sheria inamruhusu gavana kutoa ruhusa ya muda ya miezi sita katika jimbo lake. Wengi wanaishi na ruhusa hiyo mpaka karatasi inachanika, wakisahau kufuatilia utu wa kisheria wenyewe. Wawekeni kijana mmoja mwenye kazi ya kufuatilia dosie tu, naye aje mkutanoni na akize ya kupokea, si na hadithi.

Ushauri wangu kama mtu wa kilimo ni kwamba karatasi zije baada ya kazi ya msimu mmoja. Likirimba na AVEC mnazijua: kikundi kisichoweza kutunza franka zake kidogo katika sanduku lenye funguo tatu hakitaweza kutunza dola za mfadhili. Mfadhili mwenyewe, akifika, ulizo lake la kwanza si statuti. Anauliza: mmekwisha kufanya nini?

Kazi ipi? Mimi ninapendekeza shamba la miti safi ya muhogo, maana mozaiki inatumaliza na miti mizuri inakosekana kila msimu. Shamba la mita 50 kwa mita 50, mkipanda kwa mita moja kwa mita moja, linachukua vipande 2,500. Vijana wanapita kila wiki wakikagua majani. Mmea wenye majani yaliyojikunja na mabaka ya njano unang'olewa na kutolewa shambani, bila huruma. Baada ya mwaka hivi, mmea mzuri unatoa karibu vipande kumi vya sentimita 20 ao 25. Hiyo ni vipande karibu 25,000, vya kutosha hekta mbili na nusu za wanakoperative. Katikati ya mistari, miezi ya kwanza, wanapanda maharagwe. Pembeni penye maji wanapanda lengalenga, ambayo inavunwa kama mwezi mmoja tu, ndiyo inawapa pesa ya sabuni wakingojea muhogo.

Linalobaki ni shamba lenyewe, na hapa ninawageukia ninyi wazee na mama zetu. Kijana hawezi kutunza muhogo mwaka mzima katika shamba ambalo mwenyewe anaweza kulinyakua akiona limependeza. Tumeyaona hayo mara nyingi mno. Koperative zenye hekta ambazo hazilimwi zinaweza kuwakopesha kipande kwa miaka mitatu, kwa barua iliyosainiwa na pande zote mbili, shefu wa lokalite akiwa shahidi, ikitaja mipaka, muda, na kitu koperative itakachopata, tuseme sehemu fulani ya miti kila mavuno.

Msimu A unaanza mwezi wa tisa. Mkutano mkuu ukikaa mwezi wa saba, liwekeni jambo hili katika ajenda, na waiteni vijana waketi humo ndani, si dirishani. Wasichana pia.