Robota la Alfalfa na Bei ya Protini

Katika sehemu za Wote, Makueni, kiangazi kirefu cha tangu Juni hata mvua za Oktoba zikikaribia aghalabu hakimpokonyi ng'ombe chakula chote, maana mabua ya mahindi yangali yamerundikwa uani. Kinachompungukia ni protini, na mwenye mali, akimwona mnyama ameshiba ilhali mbavu zake zahesabika, hudhani ni maradhi.

Chakula kikiingia katika tumbo kubwa la ng'ombe husagwa na vijidudu visivyo idadi, navyo havina budi kupata protini yao. Ikiwa chini ya asilimia 7 hivi ya chakula kikavu, kazi yao huzorota, mabua hukawia tumboni, na mnyama hupoteza hamu ya kula. Mabua ya mahindi yana takriban asilimia 4 tu, na alfalfa, mmea wa jamii ya kunde, ikikaushwa vyema ina kama 18. Basi kilo 6 za mabua pamoja na kilo 2 za alfalfa hutoa gramu 600 za protini katika kilo 8, yaani asilimia 7.5, na kwa nyongeza hiyo ndogo mabua yenyewe huanza kumfaa mlaji. Kumshibisha ng'ombe alfalfa tupu, kwa rai yangu, ni israfu.

Mnunuzi asihadaike na bei ya robota. Robota la kilo 15 lenye asilimia 18 lina protini kilo 2.7, bei yake igawanywe kwa hizo, kisha ilinganishwe na ya mashudu ya pamba au ya alizeti yaliyohesabiwa vivyo hivyo, ambayo mara nyingine huwa rahisi zaidi. Halafu atie mkono ndani ya robota: sehemu kubwa ya protini imo majanini, wala si katika vijiti, kwa hiyo robota ambalo majani yake yamepukutika njiani ni mabua mengine yaliyopewa jina la heshima, na lenye uvundo wa kuvu halifai hata likitolewa bure.

Mizizi ya alfalfa huzama mbali, nayo hustahimili ukame; walakini kustahimili si kuzaa, na hata huko Oman alfalfa hunyweshwa kwa maji ya falaji, yaani mifereji. Mwenye kisima, au shamba lililo kando ya bwawa la mchanga, na apande kitalu kidogo, akate kila baada ya wiki 5 au 6, maua ya kwanza yachomozapo, akaushe kivulini, na kuigeuza asubuhi umande ungalipo ili majani yasidondoke. Mbichi asiwaachie ng'ombe wenye njaa, kwani huwavimbisha tumbo hata kufa. Robota likiwa moja na ng'ombe ni wengi, anayekamuliwa atangulie, pamoja na ndama walioachishwa ziwa.

Asiye na maji asihuzunike: mbaazi za Makueni nazo ni za jamii ya kunde, na majani yake, ambayo wengi huyaacha yapeperuke baada ya mavuno, yakikusanywa yangali kijani, yana protini kupita mabua kwa mbali.