Siri ya afya yako si mali ya mwajiri

Je, wewe unayetafuta kazi hotelini Sagana au katika shamba la maua la mwekezaji wa kigeni kule Timau, umeambiwa upimwe virusi vya Ukimwi kwanza ndipo uandikwe? Basi ujue haki yako.

Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya 2006 inakataza kumlazimisha mtu apimwe ili apewe kazi. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya virusi hivyo. Tena Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Hushughulikiwa na mhudumu wa afya au mtu mwenye wajibu wa kutunza siri. Sheria hii huyabana hata makampuni ya kigeni yenye rekodi za watu walio Kenya.

Ufanyeje? Omba kwa barua kuiona faili yako. Makosa yasahihishwe. Siri ikitolewa, mlalamikie Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Zaidi ya yote, usiache dawa kwa kuogopa kujulikana kazini. Dawa zikikatizwa, virusi hupata nguvu tena.